Kericho, Mabao Yetu Yalienda Wapi?

Mjadala kuhusu Zoo FC hauishi, lakini ukiusikiliza vizuri una sentensi mbili tu. Ya kwanza: "Hao wangebaki, saa hii tungekuwa mbali." Ya pili hutoka kwa kijana mwenye simu mkononi: "Buda, mpira ni kazi. Mtu akiitwa Nairobi, abaki hapa kufanya nini?" Nimezisikia kwa kinyozi Litein, nimezisikia kwenye matatu ya Kericho kwenda Bomet, na nimezisikia Nairobi kutoka kwa watu wa kwetu ambao hawajawahi kukanyaga Green Stadium lakini bado wana uchungu na timu. Nimezisikiliza kama ninavyosoma riwaya inayosifiwa na kila mtu, na maoni yangu ni kwamba hadithi zote mbili zinakatika kabla ya sura iliyo muhimu.

Tukumbushane kidogo. Zoo iliingia Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2017. Mji ambao dunia inaujua kwa majani chai na wakimbiaji ukaanza kuwaalika Gor Mahia na AFC Leopards nyumbani. Msimu huo huo wa kwanza, Mike Madoya wa Zoo akatawazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Gor walichukua ubingwa, lakini tuzo ya mchezaji bora ikapanda hadi Kericho. Mbele kulikuwa na Nicholas Kipkirui, mshambuliaji mwenye jina ambalo bibi yeyote wa Kipkelion angelitamka bila kujikwaa. Halafu wakaondoka. Madoya akaelekea Tusker. Kipkirui akajiunga na Gor Mahia, na Februari 2019 alikuwa upande wa Gor walipoichapa Zamalek ya Misri 4-2 pale Kasarani. Kericho tukashangilia, lakini kwa mdomo nusu.

Hapo ndipo sentensi ya kwanza ilipozaliwa. Ni sentensi ya mapenzi, na mapenzi nayaheshimu. Lakini angalia inamtaka mchezaji awe nani. Inamtaka awe mtoto wa nyumbani anayetunza boma huku wengine wakienda kutafuta. Maisha ya mchezaji wa mpira ni mafupi. Akifika miaka 33 watu wanaanza kumwita mzee. Shabiki anayemlaumu kwa kuondoka mara nyingi ana kaka Nakuru, dada Qatar, na yeye mwenyewe ana barua tano za maombi ya kazi ambazo hazijajibiwa. Hakuna aliyewahi kumwambia dada yake kwamba amesaliti Ainamoi.

Tena sisi si watu wasiojua kuaga. Wilson Kiprugut, mtu wa Kericho, ndiye aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo 1964, kisha akaongeza fedha Mexico 1968. Beatrice Chebet, mzaliwa wa Kericho, alirudi kutoka Paris mwaka 2024 na dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Mkimbiaji akipanda ndege tunamwombea. Hata wale waliobadilisha uraia, kama Stephen Cherono wa kule Keiyo, aliyegeuka Saif Saaeed Shaheen na kuishindia Qatar dhahabu ya kuruka viunzi na maji mwaka 2003 mbele ya Ezekiel Kemboi, walizua kelele za bendera na wimbo wa taifa. Hakuna aliyewalaumu kwa kuondoka kijijini.

Tofauti iko wapi basi? Mkimbiaji anaondoka na miguu yake. Mfungaji anaondoka na Jumapili yetu. Anatuachia uwanja, jezi na watu kumi ambao hawajui mpira wa mwisho apewe nani. Hasara hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana sentensi ya pili, ile ya "mpira ni kazi", hainitoshi pia.

Sentensi hii ina sura ya kisasa. Vijana wengi wanaoitumia wamekua wakitazama ligi za Ulaya, ambako tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995 mchezaji aliyemaliza mkataba anaenda anakotaka bila klabu yake ya zamani kudai hata senti. Ni haki, na sitaki irudi nyuma. Ila ukisema ni kazi, maliza basi. Kazi ina mkataba. Mkataba una tarehe ya kuisha. Ukivunjwa kabla ya tarehe hiyo kuna ada, na ada ina akaunti inakoingia. FIFA wana utaratibu ambapo mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba kuisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Uhamisho wa kawaida wa Kericho kwenda Nairobi, Mkenya kwa Mkenya, haupiti kwenye mlango huo. Hapo klabu ndogo inategemea kitu kimoja tu: karatasi iliyoandikwa vizuri na mtu anayeijua thamani yake.

Na hapa ndipo nashangaa zaidi, kwa sababu hili ni eneo linalojua kuuliza kuhusu karatasi. Keti na mkulima mdogo wa chai, awe wa Sotik au wa Bureti. Atakueleza majani mawili na kichipukizi. Atakueleza mizani ya kituo, kilo zilizokatwa kwa sababu ya maji na gunia, malipo ya mwezi kwa kilo, makato ya mbolea, na bonasi ya mwisho wa mwaka. Atakuambia kiwanda cha jirani kimelipa ngapi na kwa nini chake kimelipa kidogo. Hajawahi kulaumu jani kwa kwenda mnadani Mombasa. Jani kazi yake ni kuondoka. Bila hivyo shamba ni kichaka tu. Anachodai ni kujua nani alipima, nani aliuza, na pesa imerudi kiasi gani kulisha mche ili utoe tena.

Mtu huyo huyo akifika kwenye mpira, maswali yote yanamtoka kichwani. Anabaki kuuliza kuhusu moyo wa Kipkirui.

Sura iliyokatwa ni hii sasa. Mwaka 2019 serikali ilipozuia leseni ya SportPesa, kampuni hiyo ikaacha kudhamini ligi, na klabu zikaingia msimu mpya mifuko ikiwa mitupu. SoNy Sugar, timu iliyokuwa na kiwanda kizima cha sukari nyuma yake, ilishindwa kufika kwenye mechi tatu na ikaondolewa ligini. Zoo haikuwa na kiwanda. Ilisukuma hadi 2021, kisha FIFA ikaiondoa kwenye Ligi Kuu baada ya kuipata na hatia ya kupanga matokeo ya mechi. Soma tena. Haikushuka kwa kukosa mabao. Ilitolewa kwa sababu ya mechi ambazo matokeo yake, kwa uamuzi wa FIFA, yalichezewa.

Umaskini si kisingizio, maana kuna klabu zilizolala njaa na hazikuuza mechi. Lakini hukumu ile ilipaswa kubadilisha mjadala wetu kabisa, na haikuubadilisha. Miaka yote tumekuwa tukiwashtaki watu waliotoka mlangoni mchana, mizigo mgongoni, kila mtu akiwaona. Kumbe nyumba ilikuwa ikibomolewa na jambo lililofanyika ndani, na kuhusu jambo hilo hatuna hata sentensi moja ya kinyozi. Ukilitaja watu wanasema, "hiyo ni siasa ya mpira," wanarudi kwa Madoya.

Naelewa kwa nini. Aliyeondoka ana sura na ana jezi mpya. Kumchukia ni rahisi. Hesabu za klabu hazina sura. Kuuliza mkataba uko wapi, ada ilikuwa kiasi gani, wachezaji wamelipwa lini mara ya mwisho, kunakufanya uonekane mtu wa nongwa, tena mbele ya watu mtakaokutana nao kanisani. Basi tunatumia neno "uzalendo", neno zuri linalotuwezesha kunyamaza.

Zoo inaweza isirudi tena katika hadhi ile. Lakini Jumapili jioni Kericho na Bomet bado zimejaa viwanja vya murram, na kwenye kila kiwanja kuna msichana au mvulana mmoja ambaye beki hamkamati. Huyo ataondoka. Akiwa mzuri kweli, ataondoka mapema. Sisi tunaosema tunapenda mpira tuna kazi moja siku hiyo: tumwage vizuri, kisha tugeuke kwa viongozi wa timu na kuuliza, kwa sauti ile ile tunayotumia siku ya bonasi, amepimwa kilo ngapi na tumelipwa ngapi.