Fanani wa Kremlin na Mwaka 862

Pale vimbwetani bado wapo wanaoyasifu mahojiano ya Vladimir Putin na Mmarekani Tucker Carlson, yaliyotolewa tarehe 8 Februari 2024. "Mzee yule ana kichwa," wananiambia, "kamwaga historia nusu saa nzima, mwandishi katoa macho tu!" Nakiri kwamba hata mimi mara ya kwanza nilivutiwa. Sisi wa fasihi simulizi hatujiwezi mbele ya fanani hodari. Lakini kumsifu fanani si kumhakiki, na makala haya yanakusudia kumhakiki.

Tuanze na mwanzo, maana mchezo wote umo humo. Carlson aliuliza juu ya Februari 2022: ni tishio gani la Marekani na NATO lililomfanya aingize majeshi Ukraine? Fanani akaomba nusu dakika au dakika moja ya kueleza usuli, kisha akaenda zake hadi mwaka 862, Rurik alipoitwa kutawala Novgorod. Kutoka hapo tukapitishwa kwenye ubatizo wa 988, halafu kwa Bohdan Khmelnytsky, kiongozi wa Wakosaki aliyekula kiapo kwa mfalme wa Urusi mwaka 1654. Ikatolewa hata bahasha ya nakala za barua zake, ambazo yaliyomo tuliyajua kwa kinywa cha mtoaji mwenyewe.

Mtambaji wa ngano akisema "hapo zamani za kale" anatuonya kuwa tunaingia katika ubunifu. Tena hadhira huitikia kwanza, ndipo hadithi iendelee. Putin hakungoja kuitikiwa. Yeye alitumia tarehe, na tarehe inafanya kazi ya mwanzo wa ngano huku imevaa joho la taaluma. Ukianzia 862, Ukraine ni mtoto aliyepotea na vita ni safari ya kumrudisha nyumbani. Hebu anzia tarehe 1 Desemba 1991, siku ambayo zaidi ya asilimia 90 ya Waukraine waliopiga kura walichagua uhuru. Vita vilevile sasa ni uvunjaji wa nyumba ya mtu. Hakuna tukio lililoghushiwa hapo. Kilichobadilika ni ploti.

Mbele kidogo kuna kipande cha 1939. Anasema Poland ilikataa matakwa ya Hitler, kwa hiyo ikamlazimisha aanze na yenyewe. Hapo niliusimamisha mkanda na kuurudisha nyuma, nikidhani nimesikia vibaya. Kumbe aliyevamiwa ndiye mkosaji! Wengi walikichukulia kipande hiki kama ulimi kuteleza. Mimi sikubali. Katika ploti hii kila tukio lina kibarua chake, na cha Poland ni kutuzoeza. Msikilizaji aliyekubali kwamba jirani mkaidi ndiye anayejiletea vita, atashangaa nini akifika 2022?

Mwandishi aliuliza swali moja zuri sana: kama mambo ndiyo hayo, mbona hukuyasema katika miaka 22 ya uongozi wako? Hadithi ikaendelea tu. Siku chache baadaye Putin alimwambia mwandishi wa televisheni ya kwao kwamba alitarajia maswali makali zaidi, na kwamba hakuridhika sana. Ajabu hiyo, fanani kuilalamikia hadhira kwa upole! Na wanaosifu kichwa chake wakumbuke kwamba hoja hizo alikwisha kuziandika katika makala yake ya Julai 2021 kuhusu umoja wa Warusi na Waukraine. Tulichokiona Kremlin ni utendaji wa andiko lililokwisha kuwapo.

Aliyemjibu vizuri ni Elbegdorj, rais wa zamani wa Mongolia. Alitoa ramani za dola ya Wamongolia, na ya Urusi ya zamani ilivyokuwa ndogo, akaongeza kwamba watu wasiogope, Mongolia ni nchi ya amani. Kijembe hicho kinatosha kuwa uhakiki.

Nao wenzangu hunijia juu: "Na Wamarekani je, hawana ngano zao?" Wanazo tele, na kisu ni hikihiki. Ila sisi tuna sababu yetu wenyewe ya kutopiga makofi. Cairo, mwaka 1964, kwa pendekezo la Nyerere, nchi za OAU zilikubali kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, ingawa ilichorwa vibaya. Balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliyakumbusha hayo kwenye Baraza la Usalama tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya uvamizi. Februari 1976 Idi Amin alidai kuwa sehemu za Kenya na Sudan zilikuwa za Uganda tangu zamani. Novemba 1978 akatangaza kwamba ameitwaa ardhi yetu ya kaskazini ya mto Kagera.

Mmoja wa mashabiki hao wa pale kimbwetani kwao ni Kyaka, ambako daraja lilivunjwa na majeshi ya Amin. Nikamuuliza kama Amin angepewa nusu saa ya kusimulia bila kukatizwa, naye angempigia makofi? Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza Amin angeanzia mwaka gani.