Kutu Inayolinda Panga la Turbini

Sufuria ya alumini haishiki kutu, tunasema. Kumbe ilishaishika siku nyingi: uso wake ulipokutana na hewa tu, alumini na oksijeni zikafanya utando mwembamba, mgumu, na kutu ikajifungia mlango yenyewe. Mafundi wa injini za ndege waliichukua hila hiyo wakaipeleka mahali ambapo sufuria ingeyeyuka.

Mapanga ya turbini ni ya aloi ya nikeli, na gesi inayoyapiga katika injini za leo huzidi nyuzi 1,400 za Selsiasi. Aloi hiyo huhitaji alumini kidogo, asilimia 5 au 6. Ikizidi mno, panga hukatika kama kigae. Kwa hiyo tumbo la panga huachwa na nguvu zake, ikashibishwa alumini ngozi peke yake.

Njia ya zamani, na kwangu ndiyo ya werevu zaidi, ni kulifukia panga ndani ya sanduku lenye unga wa alumini, unga wa oksidi yake na chembe za kloridi ya amonia. Sanduku hupashwa moto hadi karibu nyuzi 1,000 kwa saa kadhaa, bila hewa. Hapo klorini inakuwa mchukuzi: hubeba alumini ikiwa mvuke, huitua juu ya panga, hurudi kupakia tena. Unga wa oksidi hukaa tu katikati, chembe za alumini zisigandane. Alumini hujipenyeza ndani ya nikeli, zikazaa aluminidi inayoyeyuka karibu na nyuzi 1,640, juu kuliko wazazi wake wote wawili. Unene wake ni mikroni 50 hivi.

Ngozi hiyo ni ghala la alumini tu. Ulinzi wenyewe ni utando wa oksidi unaoota juu yake, na kila injini inapozimwa, panga husinyaa kuliko utando, utando ukabanduka, ghala likachotwa kuotesha mwingine. Katika miaka ya 1980 akaonekana mkosaji wa pili: salfa, sehemu chache tu katika milioni, inayojikusanya chini ya utando na kuulegeza. Metali iitwayo itriamu, ikichanganywa chini ya asilimia 1, huikamata. Mafundi walikuwa wakiitumia tangu zamani. Dawa waliijua kabla ya ugonjwa.

Ghala likikauka, nikeli yenyewe huanza kuliwa. Panga hupelekwa karakana, ngozi kuukuu ikachunwa kwa asidi, likafukiwa upya. Lakini asidi huondoka na sehemu ya ukuta wa panga pia, ndiyo maana safari za kurudi sandukuni zina hesabu.