Hongereni, Wakutubi wa Mlimani

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ilipozinduliwa Novemba 2018, sifa zote zilikwenda kwa jengo: msaada wa China, nafasi ya vitabu 800,000, viti vya wasomaji zaidi ya 2,000. Haya, jengo ni zuri. Pongezi zangu mimi nawapelekea wanaotunza hazina ya chuo ya nyaraka za Afrika Mashariki.

Chuo kina nyaraka za mtafiti Hans Cory, na kina miswada ya Kiswahili ambayo J.W.T. Allen aliiorodhesha katika kitabu kilichochapishwa 1970, pamoja na kanda za sauti. Tenzi nyingi za zamani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hapo ndipo penye kazi. Alama za irabu ni tatu, irabu zetu ni tano. Herufi moja yaweza kusomwa b, p, au hata mb. Mkutubi akiteleza, jina la mtunzi limegeuka, na mtafiti atalisaka mpaka achoke.

Kazi hiyo haikatiwi utepe. Hongereni sana, na chuo kiwaongezeeni wenzenu wengine wa kuzisoma hati hizo.