Kasoro ya Piano ya Kidijitali Hukaa Pembezoni

Piano ya kidijitali ikianza kutoa sauti mbovu, hukumu ya haraka huwa kwamba bodi imeungua. Dhana iliyo nyuma yake inaeleweka: chombo hiki ni kompyuta yenye vitufe 88, basi ugonjwa wake lazima uwe wa kompyuta. Lakini ukiifuata sauti kutoka kidoleni hadi sikioni, utaona kwamba kompyuta imekaa katikati tu. Mwanzoni kuna mpira na kaboni vinavyobonyezwa maelfu ya mara. Mwishoni kuna amplifaya, matundu ya kuchomekea waya na spika, vitu vilevile vilivyomo kwenye redio ya zamani. Pale katikati, prosesa inaposoma sauti zilizohifadhiwa na kuzigeuza kuwa umeme, hakuna kinachosogea wala kusuguana, na sehemu hiyo ikifa mara nyingi chombo kizima hunyamaza au hakiwaki kabisa. Hitilafu inayokuja taratibu, inayoshika noti moja na kumwacha jirani yake, au inayobadilika waya ukitikiswa, ni ya pembezoni, na huko ndiko uchunguzi uanzie.

Chukua lalamiko linalowatatiza wengi: noti moja inatoka kwa kishindo hata ikiguswa kwa upole. Kitufe cha piano hizi hakipimi uzito wa kidole, kinapima muda. Kwenye vyombo vingi, chini ya kila kitufe kuna vikombe vidogo vya mpira vyenye kaboni, viwili au vitatu, vilivyopangwa ili kimoja kiguse sakiti kabla ya mwenzake. Prosesa huhesabu muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda ukiwa mfupi, maana yake kidole kimeshuka kwa kasi, na kasi hiyo huandikwa kwa namba kati ya 1 na 127 kufuatana na mfumo wa MIDI uliotoka mwaka 1983. Sasa vumbi likikaa kwenye mguso wa kwanza, mguso huo huchelewa kushika hadi ukaribiane na wa pili. Muda unafupika, na prosesa inaamini kitufe kimepigwa kwa nguvu zote. Uchafu, ambao mtu angetarajia upunguze sauti, umeiongeza. Ukiwa kwenye mguso wa pili, noti hudhoofika au hukosekana. Kulithibitisha hili hakuhitaji bisibisi: kwenye mipangilio ya mguso, chagua ile inayozipa noti zote nguvu moja. Noti kali ikilingana na wenzake, sauti zilizohifadhiwa ni nzima na kinachohitajika ni kusafisha mpira na sakiti iliyo chini yake. Lakini vitufe vilivyokufa vikiwa vimeachana kwa nafasi sawa, tuseme kila cha nane, usilaumu vumbi, maana halianguki kwa mpangilio. Hapo kuna mstari wa usomaji uliokatika, na waya bapa unaokwenda bodi kuu ndio wa kukaguliwa kwanza.

Ncha ya pili hupimwa kwa hedifoni. Sauti ya hedifoni kwa kawaida huchukuliwa kabla ya amplifaya ya spika, hivyo mkwaruzo unaosikika spikani na kupotea hedifoni umetoka kwenye amplifaya hiyo, waya zake au spika yenyewe. Yupo atakayesema hedifoni ni shahidi wa mashaka, naye ana hoja, kwani tundu lake ni miongoni mwa vitu vinavyoharibika mapema. Ndani ya tundu huwa mna swichi inayozima spika plagi ikiingia. Kutu ikiishika swichi hiyo, au adapta ya milimita 6.35 ikisahaulika ndani, spika hubaki kimya ilhali chombo ni kizima; na hewa ya chumvi ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam huiharakisha kutu hiyo. Pingamizi hili linaongeza kipimo, haliondoi. Chomeka na kuchomoa plagi mara kadhaa, kisha sikiliza pia kupitia tundu la kwenda kwenye miksa, kama lipo.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni kuhamisha ufunguo. Tuseme A iliyo chini ya C ya kati, yenye hezi 220, inaleta mtetemo mbaya. Pandisha ufunguo kwa nusu toni mbili, halafu piga G iliyo kushoto kwake, ambayo sasa inatoa hezi zilezile 220. Mtetemo ukihamia kwenye G, kitufe hakina kosa: kuna kitu kinachoitikia sauti hiyo, pengine ukingo wa spika ulioachia, skrubu iliyolegea, au fremu ya picha iliyowekwa juu ya piano. Ukibaki kwenye A, kasoro ni ya kitufe.

Je, hakuna makosa ya kidijitali kweli? Yapo, ila mengi yake ni maagizo, hayajaharibu kitu. Piano iliyounganishwa na kompyuta inaweza kuachwa katika hali ambayo vitufe havipeleki tena noti kwenye sauti za ndani: taa zinawaka, kompyuta inapokea, spika kimya. Pedali ikikanyagwa wakati wa kuwasha, vyombo vingi huisoma kinyume, na noti huvuma usipoikanyaga. Kuzima na kuwasha upya, mguu ukiwa mbali, kwa kawaida humaliza yote mawili. Ndiyo maana siafiki haraka ya kurejesha mipangilio ya kiwandani, inayofuta kazi ya mpigaji pamoja na ushahidi wa kilichotokea.

Kuna pia mngurumo usiotoka ndani ya piano. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na mngurumo wake unakaribiana na G ya kwanza kutoka kushoto, yenye hezi 49. Makanisani huzuka zaidi kinanda kikiunganishwa na miksa na kompyuta kwa pamoja. Chomoa chaja ya kompyuta. Mngurumo ukikoma, ethi imepata njia mbili. Wapo wanaokata pini ya ethi ili kuuondoa. Hilo linaweza kuua mtu, na halina sababu wakati kisanduku cha DI chenye transfoma kinafanya kazi hiyo kwa usalama.

Vipimo vyote vikipita na chombo bado kikakataa, bodi sasa ishukiwe kwa haki. Hata hapo, kama kompyuta inapokea noti kupitia USB, vitufe ni vizima, na programu ya piano kwenye kompyuta hiyo inaweza kutoa sauti, kwaya ikaendelea na mazoezi huku bei ya bodi ikiulizwa.