Mswahili Asiyeamini: Uhakiki wa Majina katika Mitaa ya Gitega na Muyinga

Katika Kirundi cha kila siku, neno umuswahili humtaja mtu kwa mambo matatu kwa mpigo: msemaji wa Kiswahili, mkazi wa mtaa wa mjini, na Mwislamu. Mfungamano huo una historia. Kiswahili na Uislamu viliingia Burundi pamoja, kwa misafara ya wafanyabiashara na kwa askari wa utawala wa Wajerumani, uliohamishia makao yake Gitega mwaka 1912.

Makala hii inahoji: mzaliwa wa mtaa wa Waswahili, Gitega au Muyinga, asiyeamini dini yoyote, aitweje? Akiacha kusali, jina halimwachi. Kwa Warundi wengi, ambao ni Wakristo, angali Mwislamu; kwa jamaa zake, msamiati uliopo ni wa lawama. Kafiri na murtadi ni hukumu za kidini. Mpagani ni neno la wamisionari. Mkanamungu hudokeza kwamba anayekanwa yupo. Nayo kauli "hana dini" hueleweka kuwa hana huruma wala haya.

Fasihi nayo haijamaliza tatizo. Riwaya ya William Mkufya, Ziraili na Zirani (1999), ina ujasiri wa kuwapa sauti wanaomkana Mungu. Hata hivyo, mabishano yao yamewekwa akhera. Mandhari yenyewe imekwisha kuwajibu kabla hawajafungua kinywa. Asiyeamini aliye hai, anayehudhuria maziko na kufuturu na jamaa zake huku akinyamaza, bado hajapata nafasi humo.

Hasara haiishii kwenye istilahi. Mtafiti anayechukulia Mswahili na Mwislamu kuwa kitu kimoja humfuta mtu huyu katika jedwali lake, na mshauri wa sera hupokea picha ya lugha yenye dini. Picha hiyo haiifai nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na inayofundisha Kiswahili kwa watoto wa imani zote.

Inapendekezwa kwamba hojaji zitenganishe maswali manne: lugha, asili ya familia, ibada na imani, na kwamba swali la imani lijibiwe faraghani, pasipo jamaa kusikia. "Asiyefuata dini" litoshe kuwa jibu, bila sifa wala shutuma. Katiba ya 2018 inaitangaza Burundi kuwa jamhuri isiyofungamana na dini. Kinachohesabiwa heshima kwa dola hakipaswi kuwa tusi kwa raia.