Mwiba Uliokuwa Kikonyo

Kiangazi kikishika, ocotillo huonekana kama fito kavu ambazo fundi alizichomeka ardhini kisha akasahau kurudi kuzikandika. Kumbe ziko hai. Kichaka hiki, Fouquieria splendens kwa jina la kitaalamu, ni mwenyeji wa majangwa ya Sonora na Chihuahua, kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Kwa miiba yake, wengi hukidhania kuwa jamii ya dungusi kakati. Lakini dungusi huweka akiba ya maji shinani. Ocotillo haina shina nono la namna hiyo. Hujiokoa kwa kubana matumizi, na jani ndilo la kwanza kukatwa.

Tuanze na mwiba. Mwiba wa mlimau ni tawi lililofupishwa. Miiba miwili miwili ya mgunga ni vijani vya pembeni mwa kikonyo vilivyogeuka vigumu. Wa ocotillo ni kikonyo chenyewe. Ufito unaporefuka hutoa majani ya kwanza, yenye vikonyo virefu, na upande wa chini wa kila kikonyo hukomaa kama mti. Jani likimaliza muda wake, kikonyo hupasuka kwa urefu: bapa la jani huanguka pamoja na upande laini wa juu, na upande mgumu hubaki umesimama na ncha yake kali.

Kwapani mwa mwiba huo ndimo lilimo chipukizi. Mvua ikinyesha ya kutosha, majani ya awamu ya pili hutokeza humo kwa vishada ndani ya siku chache, na ufito wote ukavaa kijani. Haya hayana vikonyo virefu, kwa hiyo hayaachi miiba. Udongo ukikauka hugeuka manjano na kupukutika. Mvua ikirudi huota mengine, hata mara kadhaa kwa mwaka.

Kati ya mvua na mvua, klorofili iliyo chini ya gome hufanya kazi kidogo kidogo, ikitumia tena hewa ya ukaa inayotokana na upumuaji wa shina lenyewe.

Wenyeji wa huko hukata fito hizi na kuzipanda safu moja ziwe ua. Nyingi hushika mizizi na kuchipua. Ua huo hauna haja ya seng'enge. Vikonyo vya majani ya zamani vinatosha.