Idhini ya Mjane katika Filamu ya "Baabul"

Filamu za Kihindi si ngeni katika pwani yetu. Kabla ya uhuru na baada yake zilijaza majumba ya senema ya Dar es Salaam na Unguja, na watazamaji wasiojua neno la Kihindi walitoka humo wakipangusa machozi. Basi yafaa tuitazame "Baabul", iliyoongozwa na Ravi Chopra na kutolewa mwaka 2006, kwa macho ya mtu wa Kisiwa cha Mafia.

Kisa chenyewe ni chepesi. Avinash, mwana wa tajiri Balraj Kapoor, anamwoa Malvika. Wanapata mtoto, kisha Avinash anakufa kwa ajali. Balraj, anayeigizwa na Amitabh Bachchan, havumilii kumwona mkwewe akinyauka. Anamwendea Rajat, rafiki aliyempenda Malvika tangu zamani, ili amwoe. Kaka yake Balraj anapinga kwa jina la mila ya ukoo.

Upinzani huo ndio utakaomshangaza mtazamaji wa Kilindoni au Chole. Kwao mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha akitaka huolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 68, nayo inampa mjane uhuru wa kukaa apendapo na kuolewa na mume amtakaye, ila wa ndoa ya Kiislamu husubiri eda iishe. Wala fungu lake la mirathi, robo au thumuni, pengine minazi michache tu, halimtoki kwa kuolewa tena. India ilihalalisha ndoa ya mjane wa Kihindu mwaka 1856, miaka 150 kabla ya filamu hii. Lakini sheria ile ile ilimwondolea haki yake katika mali ya marehemu pindi aolewapo. Chopra amemweka Malvika katika jumba la kitajiri, na suala hilo zito likatoweka machoni petu.

Hata hivyo, kasoro kubwa tunaiona kwingine. Katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kimya cha mwanamwali huhesabiwa kuwa idhini. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa sharti atamke kwa kinywa chake. Ameishi na mume, anajua anachokitaka na anachokikataa. "Baabul" imeigeuza hekima hiyo juu chini. Balraj ndiye anayelia, anayesafiri, anayesihi na kuhutubia. Bachchan anahutubia vizuri mno, na hapo ndipo tunapohadaika, maana tunampigia makofi baba mkwe na kusahau kumuuliza mkwe. Rani Mukerji, mwigizaji hodari, ameachiwa macho na machozi. Amehamishwa kutoka mkono wa mila hadi mkono wa huruma, na mikono yote miwili ni ya wazee wa kiume.

Mwanafunzi akituuliza mjane hasa wa filamu hii ni nani, tutamwonyesha Pushpa, anayeigizwa na Sarika. Huyu ni mjane mwingine wa ukoo ule ule, aliyeishi chini ya mila ile bila wa kumtafutia Rajat wake. Amewekwa pembeni, ilhali uso wake unaeleza zaidi ya hotuba zote. Kama Chopra angemfuata yeye, tungepata filamu ngumu zaidi, pengine isiyo na harusi.